Namba Bila Kizio Ni Porojo

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki mbili, testi zilinibana kwelikweli. Leo nataka tubishane kidogo, hasa ninyi wenzangu wa ualimu wa sayansi, maana mazoezi ya kufundisha yanakaribia na kila mtu atakabidhiwa darasa lake.

Juzi kwenye vimbweta jamaa mmoja wa fizikia na hesabu alisema vizio, yaani hizi tunazoziita yuniti, mita na kilogramu na sekunde na wenzake, ni mambo ya kumkaririsha mwanafunzi tu asipoteze nusu maksi. Eti fizikia yenyewe iko kwenye fomula. Wengi wakacheka na kukubali. Mie sikubali, na kwa kuwa pale kelele zilikuwa nyingi, naandika hapa kwa nafasi.

Msimamo wangu ni huu: namba bila kizio sio jibu lililopungukiwa nusu maksi. Sio jibu kabisa. Na tukiendelea kufundisha vizio kama mapambo ya mwisho wa swali, tunamnyima mtoto kitu ambacho kingemfaa hata kama hatagusa fizikia tena maisha yake yote.

Hebu tuanzie sokoni. Wote mnaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka juu, halafu linaongezewa kichwa na kushonwa na kamba. Mkulima wa viazi anaambiwa bei ni ya "gunia". Sasa gunia ni kizio gani? Tuseme mmekubaliana gunia ni kilo 100 na kilo ni shilingi 600, kwa hiyo gunia ni 60,000. Lile lenye kichwa likiwa na kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure. Hiyo ni 18,000 kwa gunia moja. Akiuza magunia 20, zimekwenda 360,000. Jamani, hizo ni sare, madaftari na nauli za watoto! Na hakuna aliyevunja mlango usiku. Hesabu ya magunia iko sahihi, 20 ni 20. Kilichochezewa ni kizio.

Sheria ya Vipimo tunayo tangu 1982, na Wakala wa Vipimo upo tangu 2002. Mara ngapi tumesikia kwamba mazao yapimwe kwa mizani? Najua mtanijibu kwamba mkulima anajua fika anapunjwa, ila hana mizani na mnunuzi ni mmoja. Kweli, darasa peke yake halitamaliza lumbesa. Lakini kijana anayeweza kuikokotoa hiyo 360,000 mbele ya dalali ana neno la kusema. Asiyeweza anabaki kulalamika njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wala sidharau vipimo vyetu vya asili. Wazee wa pwani walikuwa na shibiri, dhiraa, pima, kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Huo ni mfumo kamili. Hata kopo la mama anayeuza dagaa ni kizio halali, maana wewe na yeye mnaliona kopo moja. Tatizo linaanza pale kopo la soko hili sio sawa na la soko lile, na mwenye kopo ndiye mwenye nafasi ya kuligonga kitako likaingia ndani.

Ugomvi huu huu ndio uliozaa mita. Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789 vipimo vilitofautiana mji hadi mji, na mara nyingi bwana aliyekusanya nafaka za wakulima ndiye aliyekuwa na chombo cha kupimia. Wananchi wakapiga kelele. Mwaka 1795 sheria ikaweka mita na gramu. Tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yakatia saini Mkataba wa Mita pale Paris, na mwaka 1960 mfumo ukapewa jina la SI tunalolikariri. Leo una vizio vya msingi saba: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela.

Na bado hawakuridhika. Tangu 1889 kilogramu ya dunia ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa karibu na Paris. Yaani kopo bado lilikuwa na mwenyewe! Tarehe 20 Mei 2019 wakaachana nacho, kilogramu sasa inatokana na namba isiyobadilika ya Planck. Mita nayo, tangu 1983, ni umbali ambao mwanga unasafiri katika ombwe kwa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Mwanga hauna dalali. Hicho ndicho mtu amekuwa akikitafuta muda wote huo, kopo ambalo hakuna anayeweza kuligonga kitako.

Sasa kwa wale wa "fomula ndiyo mpango mzima", nawaletea kisa cha Kanada. Tarehe 23 Julai 1983, ndege mpya ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa inaelekea Edmonton. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Wakati huo Kanada ilikuwa inahama kutoka pauni kwenda kilo. Ili kugeuza lita kuwa uzito, walitumia namba 1.77. Namba hiyo ni sahihi kabisa... kwa pauni! Kwa kilo ilitakiwa karibu 0.8. Wakazidisha vizuri, wakagawanya vizuri, wakahakiki, na ndege ikaruka na pauni 22,300, ambazo ni kama kilo 10,100. Chini ya nusu. Ikiwa angani, injini zote mbili zikazimika kwa kukosa mafuta. Rubani aliiteremsha kama kishada mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli. Watu 69 walikuwemo na wote walipona. Miaka 16 baadaye, Septemba 1999, chombo cha NASA kilichotumwa Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vizio vya pauni na nyingine ikazisoma kama za newtoni. Kule nako fomula zilikuwepo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tunaofundisha watoto wanaotoka kusoma kwa Kiswahili na kuingia sekondari ya Kiingereza. Shule ya msingi na dukani mtoto anaambiwa uzito wa sukari ni kilo moja. Kidato cha kwanza anaambiwa kilo sio uzito, na uzito unapimwa kwa newtoni. Haelezwi kwa nini, basi anakariri. Kumbe tuna neno zuri tu, tungamo, kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Sukari ya kilo moja ina tungamo la kilo moja hapa na mwezini. Uzito ni nguvu inayoivuta chini, kama newtoni 9.8 hapa duniani na kama 1.6 tu kule mwezini. Dakika tano za Kiswahili zinaokoa miaka minne ya kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mada ya vipimo inakuja mapema kabisa kidato cha kwanza. Msiifungue kwa kuandika jedwali ubaoni. Waambie wapime dawati moja kwa shibiri zao. Huyu atapata 7, yule 9, watabishana mpaka darasa la jirani lije kuuliza. Hapo wataidai mita wenyewe. Siku ya pili peleka kopo mbili za ukubwa tofauti na mizani ya kuazima dukani, wapigieni hesabu ya lumbesa. Na kwenye kusahihisha, mtoto akiandika "12" tupu usimkate nusu maksi ukaendelea. Muulize: 12 za nini? Arudi akamalizie.

Najua mtasema darasa lina watoto 80 na muhtasari ni mrefu. Sawa, lakini vipindi hivyo viwili mtavilipwa mbele ya safari, maana kila mada inayofuata, kuanzia msongamano mpaka umeme, inasimama juu ya vizio.

Sasa nina ombi. Nataka kukusanya vipimo vya mitaani kutoka mikoa mbalimbali ili tuvitumie darasani wote. Kwenu debe la mahindi linatoka kilo ngapi? Kisado cha viazi je? Fungu la nyanya? Andikeni hapo chini na mtaje ni wapi. Ila tafadhali pimeni kwa mizani kwanza, msikisie. Na msiniletee namba tupu!

Ngoja nikimbie kipindi cha saa nane. Tuonane wiki ijayo.