Miche nayo inazoea jua polepole



Mwezi wa tisa, mvua ilipoanza, kikundi chetu kilihamisha miche ya mashu kutoka pepinyeri kwenda shambani. Pesa ya mbegu ilitoka kwa likelemba, na wengi wetu tulitegemea mashu hayo kwa kulipa minervali ya watoto. Kisha siku tatu, majani yakawa meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Miche mingi ikakauka. Tulimlaumu mama aliyekuwa na zamu ya kumwagilia. Alilia, na juma lililofuata hakuja kwa mkutano.

Leo tunasema wazi: kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sote.

Pepinyeri tuliifunika kwa majani mengi ya migomba, na hatukupunguza kivuli hata siku moja. Mmea unajitengeneza kufuatana na mahali ulipo. Kivulini unatoa majani mapana lakini mepesi na laini, ili ukusanye mwangaza kidogo unaopatikana. Shina linarefuka na kuwa zaifu kwa kutafuta jua. Mmea uliokomalia juani una majani madogo zaidi, manene, yenye ngozi ngumu inayozuia maji kutoka haraka. Jani lililozaliwa kivulini haliwezi kupata ngozi hiyo kwa siku moja. Mukilitoa gafula juani, linaungua hata kama udongo una maji. Majani mapya yanayofuata ndiyo yanakuja yakiwa tayari.

Kwa hiyo tufanye hivi. Siku kama kumi mbele ya kuhamisha miche, tuondoe kifuniko asubuhi kwa saa moja ao mbili, kisha tukirudishe. Kila siku tuongeze muda kidogo. Siku za mwisho, miche ishinde na kulala bila kifuniko. Maji tuyapunguze kidogo, bila kuacha miche inyauke. Tuhamishe jioni ao siku ya mawingu, na tumwagilie palepale.

Tusisahau joto na baridi. Hapa Bukavu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ni karibu mita 800. Kila unapopanda mita 1000, joto linapunguka karibu digri 6. Ndiyo sababu mashu yanajifunga vizuri Kabare na Walungu, lakini kwenye joto la Uvira aina nyingi zinakataa kujifunga. Lengalenga, kinyume chake, inafurahia jua na joto. Muhogo unakubali huku mlimani pia, ila unachelewa kukomaa. Basi dada zetu wa Uvira wasituige tu. Wapande kinachopenda joto lao, na sisi tupande kinachovumilia baridi yetu.

Juma lililopita tulienda nyumbani kwa yule mama, tukamwomba musamaha. Amerudi kikundini, na pepinyeri mpya iko mikononi mwake. Kila asubuhi anafungua kifuniko mwenyewe, akihesabu saa.

Wamama, shamba likituharibikia, tuangalie jani kwanza mbele ya kumunyooshea mwenzetu kidole.

Tuonane juma lijalo.