'The Producers': Kicheko kilichopandisha bei ya tiketi Broadway

TAMTHILIA ya nyimbo ya The Producers ilinyakua tuzo 12 za Tony jijini New York mnamo Juni 2001, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Hata hivyo, nyuma ya vifijo hivyo kuna swali zito: je, kuzipeleka jukwaani filamu kongwe za vichekesho hukuza sanaa, ama hunenepesha mifuko ya wachache?

Chimbuko la tamthilia hiyo ni filamu ya 1967 iliyoandikwa na kuelekezwa na Mel Brooks, Myahudi aliyepigana katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Iliwakera baadhi ya wahakiki, lakini ilimpa Brooks tuzo ya Oscar kwa uandishi.

Kisa chenyewe ni cha hila. Mtayarishaji aliyefilisika, Max Bialystock, na mhasibu wake, Leo Bloom, wanang'amua kwamba mchezo unaoanguka waweza kuleta faida kuliko unaovuma. Wanawauzia vikongwe hisa kupita kiasi, kisha wanatafuta mchezo mbovu kuliko yote, unaomsifu Hitler, ili pasiwe na wa kudai gawio. Kwa bahati mbaya yao, watazamaji wanauona kuwa kichekesho na kuushangilia.

Brooks na Thomas Meehan walipouandaa upya kwa ajili ya jukwaa, hawakunakili filamu tu. Walimpanulia nafasi Ulla, aliyekuwa mhusika mdogo, na kuongeza nyimbo alizozitunga Brooks mwenyewe. Susan Stroman aliuelekeza, naye Nathan Lane na Matthew Broderick wakawa waigizaji wakuu.

Kinaya ni kwamba mchezo unaohusu kutafuta hasara ulizoa mamilioni. Siku moja tu baada ya uzinduzi wa Aprili 2001, tiketi za zaidi ya dola milioni 3 ziliuzwa.

Hapo ndipo walanguzi walipojitoma. Watayarishaji, badala ya kuwaachia faida hiyo, walianza Oktoba mwaka huo kuuza baadhi ya viti kwa dola 480, ilhali tiketi bora za kawaida zilikuwa dola 100. Pigo kwa mlanguzi likawa pigo kwa mtazamaji wa kawaida pia, kwani mtindo huo ulienea Broadway kote.

Aidha, ilibainika kwamba umaarufu huo uliegemea mno waigizaji wawili. Lane na Broderick walipoondoka mwaka wa 2002, mauzo yalididimia, ikabidi warejeshwe kwa muda mwishoni mwa 2003. Tamthilia ilifunga pazia Aprili 2007 baada ya maonyesho 2,502.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnamo Novemba 2007, Brooks, Meehan na Stroman walileta Young Frankenstein, iliyotokana na filamu ya 1974, na viti vya hadi dola 450. Haikupata tuzo hata moja ya Tony, na Januari 2009 ikafungwa. Jina kubwa la filamu huvuta mteja hadi mlangoni, lakini halimchekeshi akishaketi.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuupima mchezo huu kwa fedha pekee. Mnamo 2009 The Producers ilionyeshwa Berlin, katika ukumbi wa Admiralspalast, ambako Hitler mwenyewe aliwahi kuketi kutazama maonyesho. Brooks ameshikilia daima kwamba dikteta hashindwi kwa hotuba bali kwa kufanyiwa mzaha.

Hilo ndilo linalofaa kuwazindua watayarishaji wanaopekua makabati ya filamu za zamani. Brooks alikuwa na jambo la kusema mwaka wa 1967, na bado alikuwa nalo mwaka wa 2001. Asiye na la kusema atabaki kuuza kumbukumbu za watu kwa bei ghali, na watazamaji hawakawii kuutambua ulanguzi wa aina hiyo.