Kiongozi wa Skauti Hapatikani kwa Kuteuliwa Tu

Katika sherehe zetu za kitaifa, na katika mapokezi ya viongozi mikoani na wilayani, watoto wa skauti hawakosekani. Huwa wamevaa sare, wamejipanga mistari miwili, na mmoja wao huteuliwa kumvisha mgeni rasmi skafu. Mgeni hutabasamu, picha hupigwa, na siku ya pili magazeti huichapa, hili letu likiwemo. Ni desturi nzuri na hatuna ugomvi nayo. Lakini mwananchi anayetaka kujua hali halisi ya skauti nchini asimtazame mtoto aliyeshika skafu. Amtafute yule mtu mzima aliyesimama nyuma ya mstari, kisha amwulize maswali matatu: nani alikupa kazi hii, nani alikufundisha kuifanya, na Jumamosi ijayo utafanya nini na watoto hawa?

Swali la kwanza halina taabu. Katika shule nyingi mwalimu huwa kiongozi wa skauti kwa sababu ni kijana, au kwa sababu ni mgeni shuleni na hakuwa na ubavu wa kukataa, au kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo amehamishwa. Jina lake husomwa katika kikao cha walimu, baina ya mwalimu wa michezo na mwalimu wa bustani, na mambo yakaisha hapo. Swali la pili ndilo hunyamazisha watu. Na kwa kuwa la pili halina jibu, la tatu hujibiwa kwa gwaride. Mwalimu ambaye hakufundishwa kitu kingine atawapanga watoto mistari na kuwatembeza kushoto-kulia mpaka jua lizame, kwa maana hicho ndicho alichokiona yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Hatumlaumu. Tunailaumu tabia yetu ya kudhani kwamba kazi ya kujitolea haihitaji ujuzi.

Wako wasomaji watakaouliza kwa nini gazeti la Chama lishughulike na jambo ambalo asili yake ni ukoloni. Hoja hiyo ni ya zamani na haina budi kujibiwa. Ni kweli kwamba mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa Kiingereza aliyepigana vita vya kikoloni kusini mwa Afrika, na kwamba alimalizia maisha yake jirani nasi, huko Nyeri, Kenya, alikofariki na kuzikwa Januari 1941. Ni kweli pia kwamba skauti ilifika Zanzibar mwaka 1912 na Bara mwaka 1917, nyakati ambazo mtoto wa Kiafrika hakuwa akiulizwa anataka nini. Baadhi ya nchi huru ziliamua kuunda jumuiya zake za watoto. Ghana ya Kwame Nkrumah ilifanya hivyo mwaka 1960. Sisi tuliibakiza skauti, na mwaka 1963 ikawa mwanachama wa umoja wa skauti wa dunia. Reli nayo ilijengwa na wakoloni, na hakuna aliyeshauri tuing'oe. La maana ni nani anaendesha gari-moshi na kama amejifunza kuliendesha.

Na hapo ndipo historia yenyewe ya skauti inapotufaa. Kambi ya kwanza, ile ya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, ilikuwa na vijana wapatao ishirini tu. Kitabu cha Baden-Powell kilipotoka mwaka 1908, watoto wa Uingereza walijiundia vikundi wenyewe, bila kungoja ruhusa, kisha wakaanza kutafuta watu wazima wa kuwaongoza. Watoto walikuwa tele. Watu wazima wenye ujuzi ndio waliokuwa adimu. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya chuo cha kudumu cha viongozi kufunguliwa, mwaka 1919, katika shamba la Gilwell nje kidogo ya London. Mafunzo ya kwanza yalifanyika Septemba mwaka huo.

Jambo la kuangalia ni namna walivyofundishwa. Wanafunzi hao walikuwa watu wazima, wengine wametoka vitani, lakini hawakukalishwa darasani kusikiliza hotuba. Waligawanywa katika vikundi vidogo kama wagawanywavyo watoto, kila kikundi na kiongozi wake aliyetoka miongoni mwao. Walilala katika mahema, wakapika chakula chao wenyewe, wakalowa mvua pamoja. Mtu alijifunza kuongoza watoto kwa kuishi kwanza kama mtoto anayeongozwa. Baadaye mpango huo ulikamilika kwa sehemu tatu: ya nadharia, ya kambini, na ya kufanya kazi katika kundi lake mwenyewe huku akiangaliwa. Aliyefuzu zote alivikwa shanga mbili za mbao shingoni. (Shanga za kwanza zilitoka katika mkufu ambao Baden-Powell aliupata Zululand wakati Waingereza walipompiga vita Dinizulu mwaka 1888. Jinsi alivyoupata inasimuliwa kwa namna mbalimbali. Yafaa viongozi wetu wanaovaa alama hiyo wajue kwamba asili yake ni Afrika, wala haikutoka duka la London.)

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Gilwell kutafuta mfano. Sisi wenyewe tuliwahi kuwafundisha watu wazima wa kujitolea kwa maelfu, na tukafaulu. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, maji na vyoo, kisha wakashika majembe. Vikundi hivyo vilihitaji viongozi, na viongozi wapatao 75,000 walifundishwa, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya na kata. Hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa walimu, watumishi wa serikali na wananchi waliojua kusoma. Wala hawakufundishwa utabibu. Walifundishwa kuketi katika duara na wenzao, kuuliza swali na kungoja jibu, kumzuia msemaji mmoja asiwameze wengine, na kuhakikisha kwamba mazungumzo yanaishia katika kazi inayoonekana.

Huo ndio ujuzi anaouhitaji kiongozi wa skauti. Kiini cha skauti ni kikundi kidogo cha watoto sita hadi wanane, ambacho mmoja wao hukiongoza. Mtu mzima humfundisha huyo mtoto kiongozi, kisha husogea kando na kumwacha afanye kazi, hata kama moto utachelewa kuwaka na wali utaungua. Kwa mwalimu wa darasani jambo hili ni gumu kuliko kufunga mafundo yote ya kamba. Miaka yote amezoea kusimama mbele ya watoto wengi, yeye akisema na wao wakiandika, na fimbo i juu ya meza. Unapomwambia asogee kando, huona kama ameambiwa aache kazi. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mwalimu, kwa kuwa ana cheti cha ualimu, hahitaji mafunzo ya skauti. Pengine yeye anayahitaji zaidi kuliko fundi seremala au mkulima wa jirani, ambaye hana mazoea ya kuyaacha.

Ndugu zetu waliosoma waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 wanakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge mtoto mwenye akili ya kuuliza na uwezo wa kuamua. Tulichukua jembe kutoka katika waraka ule, na mara nyingi tukayasahau hayo mengine. Kikundi cha skauti kinachoongozwa vizuri ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kuamua jambo, akaona matokeo yake kabla ya usiku kuingia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Mtu mzima anapewa watoto wa watu wengine. Anawachukua mbali na nyumbani, anavuka nao mito, analala nao kambini. Mzazi anampa kwa sababu amevaa skafu. Je, nani amemchunguza?

Nchini Marekani, chama kikubwa cha skauti cha wavulana kiliomba kinga ya mahakama dhidi ya kufilisika mwezi Februari 2020. Watu zaidi ya 82,000 walijitokeza wakidai kwamba walidhulumiwa kingono walipokuwa watoto katika skauti, na fidia iliyokubaliwa ilizidi dola bilioni mbili. Lililo baya zaidi ni kwamba viongozi wa chama hicho walikuwa wakijua. Kwa miaka mingi waliweka majalada ya siri ya viongozi wa kujitolea walioshukiwa; mwaka 2012 mahakama iliamuru maelfu ya kurasa zake zitolewe hadharani. Walitunza majina ya watu wabaya, lakini hawakuwatunza watoto. Hao walikuwa na ofisi, wanasheria na fedha. Sisi tusio na hayo tusijidanganye kwamba balaa hilo ni la Wazungu peke yao. Utafiti uliofanywa nchini mwetu na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Sheria ya Mtoto tunayo tangu mwaka 2009, lakini sheria haikai kambini usiku. Anayekaa kambini ni kiongozi.

Kwa hiyo mafunzo ya kiongozi yaanze kabla ya mahema na kamba. Yaanze kwa kumwuliza mkuu wake wa kazi na majirani zake habari zake. Kisha afundishwe kanuni ambazo hazina mjadala: mtu mzima mmoja asikae faragha na mtoto mmoja, watu wazima na watoto wasilale hema moja, wasichana wakienda kambini, awepo mwanamke aliyefundishwa, mtoto akisema ametendewa vibaya asikilizwe, na habari ipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii na polisi, isimalizwe kwa mwalimu mkuu kwa ajili ya kulinda sifa ya shule. Ajue pia kuhesabu watoto kabla na baada ya kuvuka maji, na kumhudumia aliyeumwa na nyoka bila kumchanja kwa wembe. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji siku chache na mkufunzi anayeyaamini.

Lakini ni nani anayelipa hata hizo siku chache? Mara nyingi kiongozi hulipa mwenyewe. Hulipa nauli, hununua sare, huomba ruhusa kwa unyenyekevu kana kwamba anakwenda harusini, na akirudi hukuta vipindi vyake vimerundikwa vikimngoja. Neno kujitolea limetumiwa vibaya sana katika nchi yetu. Maana yake ni mtu kutoa nguvu na saa zake bila mshahara. Halina maana kwamba atoe na nauli, na sabuni ya watoto, na lawama zote mambo yakiharibika. Kampeni ya kufuta ujinga ilishusha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kazi kubwa ilifanywa na walimu wa kujitolea. Hao nao waliwekewa posho ndogo, wakapewa vitabu na mafunzo. Taifa lilikuwa maskini kuliko lilivyo leo, lakini lilielewa kwamba mtu anayejitolea hutegemea wenziwe wamshike mkono.

Yako mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa wasomaji wa ukurasa huu. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuhesabu siku za mafunzo ya skauti kuwa siku za kazi. Mwalimu mkuu anaweza kuacha kuteua na badala yake kuuliza nani anataka. Vyuo vya ualimu vinaweza kumpeleka kila mwalimu mtarajiwa kambini walau mara moja, alale chini na kupika kwa zamu, kabla hajakabidhiwa mtoto wa mtu. Na milango ifunguliwe kwa wasio walimu: muuguzi, mwanajeshi mstaafu, mama wa sokoni anayejua kuongoza watu. Skauti si mali ya idara ya elimu.

Si mali ya Chama pia, na tunalisema hili katika gazeti la Chama bila kigugumizi. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi, nasi tuna Umoja wetu wa Vijana na chipukizi wetu. Mtoto wa skauti ni mtoto wa wazazi wote, waliotupigia kura na waliotunyima. Kiongozi mwenzetu anayewaita watoto wa skauti kuja kupamba mkutano wa kampeni, na mwalimu anayewapeleka kwa kuogopa kukataa, wote wawili wanaharibu jambo ambalo watu wengine wamelijenga kwa jasho. Kiongozi wa skauti aliyefundishwa vema angejua la kujibu barua kama hiyo inapofika shuleni. Asiyefundishwa atawafulia watoto sare na kuita lori.