KOMPYUTA HAIPUNGUZI UZITO WA MZIGO



Siku hizi twasikia sifa nyingi za kompyuta inayomfundisha mtu kuinua mzigo pasipo mzigo wenyewe. Mfanyakazi huvikwa miwani, akaona mbele yake ghala na magunia. Akiinama vibaya mashine humwonya. Au huketishwa kwenye kiti chenye vishikio kama vya kreni, na akiangusha chuma hakuna aliyeumia. Wenzetu wengine wauliza mbona jambo hili halijaenea huku Kisii na Nyamira. Mimi nasema lije, lakini tujue kwanza linakuja kumfanyia nani kazi.

Mwendesha kreni wa bandarini hukaa juu sana, na kosa dogo la mkono wake laweza kumwua mtu aliye chini. Ndiyo sababu Mombasa, katika chuo cha mabaharia cha Bandari, mafunzo ya kreni hutumia simuleta. Hiyo ni akili. Huku kwetu hatuna meli, lakini mjini Kisii maghorofa yanapanda, na zege hupandishwa kwa winchi. Anayeshika winchi siku yake ya kwanza, na wenzake wamesimama chini, huyo simuleta ingemfaa kweli. Hata hivyo, sheria yataka kila mtambo wa kuinulia uandikwe waziwazi uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Kamba iliyochakaa haijui kama mwendeshaji alifaulu mtihani.

Sasa tuje kwa hamali, maana hapa ndipo twaweza kudanganywa. Mwaka 2011 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio mengi juu ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo. Hawakuona kwamba mafundisho hayo peke yake yanazuia maumivu ya mgongo. Piga magoti, nyosha mgongo, shika mzigo karibu na kifua: maneno mazuri, lakini mfuko wa saruji ni kilo 50 kwa aliyefundishwa na kwa asiyefundishwa. Wataalamu wa NIOSH huko Marekani huanza hesabu yao na kilo 23, tena mzigo uwe karibu na mwili na mtu asijipinde.

Nenda Tabaka kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Jiwe la futi moja kila upande lina uzito wa kilo 75 hivi, na mtu hulipandisha kutoka shimoni kwa mabega yake. Utamvika miwani umfundishe nini? Mpe winchi na njia isiyoteleza. Au nenda soko la Daraja Mbili. Sheria ya Mazao ya 2013 ilikataza kufunga mazao zaidi ya kilo 50, lakini ni nani kati yetu ambaye hajaiona lumbesa? Shida yetu ni mizani, hatujafikia kompyuta.

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 76, yamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Haikusema asimbebeshe mpaka amfundishe. Imesema asimbebeshe.

Hofu yangu ni hii. Mtu akishapita darasa la kompyuta, jina lake huandikwa kwamba amefundishwa. Siku akivunjika mgongo ataambiwa, "Wewe ulijua, ulikaidi." Sheria ya fidia ya 2007, ile ya WIBA, haimtaki aliyeumia athibitishe kosa la mwajiri, lakini inao mlango wa kumnyima yule aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi. Cheti cha kompyuta kisifanywe ufunguo wa mlango huo.

Kompyuta yaweza kutufaa kwa njia nyingine ambayo haisemwi sana. Kabla ya kujenga jukwaa la kupakulia majani ya chai, iwe Kebirigo, Nyansiongo au Kiamokama, yaweza kuonyesha mtu atainama mara ngapi na wapi toroli itapita. Hapo inairekebisha kazi, si mtu. Ukuta kwenye picha huhamishwa bure. Ukishajengwa nani atauvunja kwa ajili ya mgongo wa kibarua?

Na tusiambiwe fedha hakuna. Mwajiri hutozwa Sh. 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, zinazokwenda NITA, naye akifuata utaratibu aweza kuomba arudishiwe gharama za kufundisha watu wake.

Penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama. Wajumbe wetu humo waulize kabla mashine haijatiwa umeme: Je, vibarua wa msimu watafundishwa, au wenye kazi ya kudumu tu? Saa za darasa zitalipwa? Itasema Kiswahili na Ekegusii, au Kiingereza peke yake? Kumbukumbu za masomo zitawekwa na nani, mwajiri peke yake au na chama pia? Na toroli zilizoombwa, zinakuja lini? Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kamati, na nakala iletwe ofisi ya tawi.