Mbwa Ufukoni: Methali na Adabu

Wahenga walinena: mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii yadhihirisha kwamba mbwa si mgeni pwani wala katika lugha yetu. Kwa nini basi anayemtembeza mbwa wake katika fuo za Mombasa siku ya mapumziko adhaniwe kuwa ameudharau Uswahili?

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waswahili wengi, mbwa mkavu akikupita hakudhuru; mbwa mzima ni najisi, ila najisi hiyo huhamia kwa unyevu, na chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa atokaye baharini, ilhali amelowa, si wa kuachiwa ajikung'ute karibu na anayekwenda kuswali au anayeuza viazi karai. Mwenyewe na amfunge kamba. Kule Watamu, ambako kasa hutaga mayai mchangani, kamba hiyo ni ya lazima zaidi, kwani mbwa hufukua.

Naye mpita njia asimrushie jiwe. Sheria ya tohara inatuagiza tujitenge na najisi; haikutuagiza ukatili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaoikariri methali hiyo darasani tuwe wa kwanza kulitetea hilo.