Ua letu, jina lao!

Mwenzenu nimetoka Kasulu, kule kwenye baridi ya Buha, na nimerudi na kisa cha jina.

Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike. Nilipitia kwanza Kibondo kwa shangazi, akanibebesha zawadi ya mzazi: ua dogo ndani ya kopo la maziwa, majani yana manyoya laini, maua ya zambarau. Ndani ya basi nimelipakata mpaka Kasulu. Mzazi kuliona tu, kalipenda. Linaitwaje? Nami nikajidai mtoto wa mjini: "Hili ni violeti ya Afrika." Weee! Papo hapo akaamua, mtoto ni Violet.

Bibi alikuwa mkekani anachambua maharage. Akainua uso. "Maana yake nini?"

Kimya. Pafyumu nazijua, viatu navijua, maana ya violeti sijui!

"Basi kadi ya kliniki isiandikwe kitu mpaka nijibiwe," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Usiku nikaishika simu, nikachimba. Kumbe jamani, ua ni la hapa hapa Tanzania! Kwao ni milima ya Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, na ndugu zake wako Nguru na Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mkuu wa wilaya wa Kijerumani kule Tanga, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani kwa baba yake. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika kitaalamu: Saintpaulia ionantha.

Saintpaulia ni ukoo wa baroni. Ionantha ni Kigiriki, maana yake "lenye maua kama violeti". Kama! Violeti yenyewe ni ua jingine la Ulaya, wala hawana undugu wa karibu. Yaani jina la kwanza la bwana mkubwa, la pili linasema limefanana na ua la kwao. Na baroni Kiswahili alikijua, maana mwaka 1890 alitoa kitabu cha kuwafundishia Wajerumani lugha hii. Lakini katika jina hilo Msambaa hayumo, na mlima wake haumo.

Kinachochekesha, Wajerumani wa kawaida mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, violeti ya Usambara. Halafu mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, sasa linaandikwa Streptocarpus ionanthus. Baroni kashushwa cheo! Ila lenyewe nalo lina shida: Ulaya na Marekani limejaa madirishani, huku kwao milimani misitu ikikatwa kivuli kinaondoka, nalo linakauka.

Asubuhi nikamsimulia bibi yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo walioishi nalo hawakuandika?"

"Ndiyo bibi. Aliyeandika ndiye aliyelipa jina."

Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Leteni hiyo kadi na kalamu."

Akatamka jina la mama yake mzazi, jina la Kiha lenye maana ambayo kila mtu mle ndani aliielewa, na akasimama juu ya bega langu kuhakikisha silikosei herufi. Mdogo wangu machozi yakamlengalenga, akidhani Violet wake ndio basi tena. Bibi akamtazama, akacheka. "Haya, na hilo la Usambara liandike. La pili."

Ua tumeliweka dirishani, lisichomwe na jua. Nawe msomaji, jina lako lina maana gani? Kama bibi yako bado yupo, kamuulize wikiendi hii. Tukutane juma lijalo!