Tamko Kuhusu Magongo ya Besiboli ya Watoto: Muhuri Kwanza, Nguvu Baadaye

Kwa wazazi, makocha, viongozi wa ligi, na wote wanaokusanya vifaa vya michezo kwa ajili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Sisi wanachama wa chama cha wazazi na makocha wanaozungumza Kiswahili, ambao watoto wetu wanacheza besiboli katika ligi za vijana za Marekani, tunatoa tamko hili kabla ya msimu kuanza. Wengi wetu tulikulia kwenye kandanda, na rungu tulilijua mkononi mwa mlinzi wa usiku. Ndiyo maana tukiingia dukani swali letu huwa moja: gongo lipi lina nguvu zaidi? Tunaomba swali hilo liachwe. La kuuliza kwanza ni gongo hili lina muhuri gani, na kama ligi ya mwanangu inaukubali.

Zamani watoto walipiga kwa mbao. Little League, iliyoanzishwa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, iliruhusu alumini mwaka 1971, na NCAA inayosimamia michezo ya vyuo ikafuata mwaka 1974. Faida ilionekana wazi: mbao huvunjika, alumini hudumu. Lakini gongo la alumini lina uwazi ndani. Mpira ukiligonga, ukuta wake hubonyea kidogo kisha hurudi, na nguvu ambayo kwenye mbao ingepotelea ndani ya mpira uliobonyea hurejea kuusukuma mpira huohuo. Tena gongo hilo ni jepesi, kwa hiyo mtoto hulizungusha kwa kasi zaidi.

Baadaye yakaja magongo ya nyuzi za kaboni, na hayo yana tabia ambayo mnunuzi haioni. Kadiri yanavyotumika, nyuzi zake hulegea, na gongo huanza kupiga kwa nguvu zaidi kuliko siku lilipotoka kiwandani. Wapo wanaoharakisha hali hiyo kwa kulibana gongo kwenye mashine ya magurudumu, na wapo wanaokwangua ukuta wake kwa ndani. Huo ni udanganyifu, na anayeufanya anachezea uso wa mtoto wa mwenzake.

Tunasema uso kwa makusudi. Katika uwanja wa Little League wa watoto hadi miaka 12, mrushaji husimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, na akishamaliza kurusha huwa amesogea mbele zaidi. Mpira ukitoka kwenye gongo kwa maili 80 kwa saa, humfikia kwa chini ya sekunde 0.4. Katika muda huo mtoto anatakiwa auone mpira, aelewe unakokwenda na ainue glavu. Pigo la kifuani nalo, likiangukia nukta mbaya ya mapigo ya moyo, linaweza kuusimamisha moyo wa mtoto mwenye afya kamili. Ajali hizo ni nadra. Hata hivyo, sheria za magongo zilibadilika kwa sababu kasi ilikuwa imepita uwezo wa mikono ya binadamu, na kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa unaharibika.

NCAA ilianza kutumia kipimo cha BBCOR, kinachoonyesha jinsi gongo linavyourudisha mpira, mwaka 2011, na shule za sekondari zikakifuata tarehe 1 Januari 2012. Kiwango kisizidi 0.50, yaani karibu sawa na mbao nzuri. Kwa watoto wadogo, USA Baseball ilitunga kiwango cha USABat, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018 katika ligi za Little League, Babe Ruth, PONY na nyinginezo. Gongo hufungwa maabara, mzinga wa hewa huurusha mpira juu yake, kisha kasi ya kwenda hulinganishwa na kasi ya kurudi. Lengo ni gongo la chuma au la kaboni lisilizidi sana gongo la mbao kwa nguvu.

Hapa ndipo wazazi wetu wanapopotea. Mashindano ya kusafiri yaliyo chini ya shirika la USSSA yana muhuri wake yenyewe, ulioandikwa 1.15 BPF, na gongo hilo halikubaliki katika Little League hata kama duka limelitundika ukuta mmoja na lile la USABat. Gongo la sekondari lenye muhuri wa BBCOR nalo lina sharti la uzito: aunsi zake zisipungue hesabu ya inchi za urefu kwa zaidi ya tatu. Mtoto wa miaka 10 akilibeba hilo, litamshinda. Tumeona mzazi akilipa zaidi ya dola 300, kisha mwamuzi akamwita mwanawe ametoka mbele ya watu wote, kwa kosa ambalo si la mtoto. Kwa maoni yetu, duka linalouza gongo la mtoto bila kumuuliza mnunuzi mtoto anacheza ligi gani halijatimiza wajibu wake.

Wasio na uwezo wa bei hizo wajue jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: katika Little League gongo la mbao la kipande kimoja halihitaji muhuri wa USABat. Bei yake ni ndogo, na linamfundisha mtoto kupiga kwa ufundi.

Lakini muhuri si hirizi. Mei 2018, miezi michache tu baada ya kanuni kuanza, USA Baseball iliondoa idhini ya gongo moja lililokwisha kuuzwa madukani. Aliyekuwa nalo alikuwa na muhuri halisi kwenye gongo lisiloruhusiwa. Kwa hiyo tunawataka makocha waangalie orodha ya magongo yaliyoidhinishwa kila msimu, na walikague kila gongo kabla ya mchezo: nyufa, mlio uliobadilika, mfuniko wa mwisho uliolegea au uliofunguliwa.

Sasa tunalisema lililotukutanisha. Kiwango cha USABat kilipoanza, magongo mengi ya zamani yalikosa kazi kwa siku moja. Mwenye gongo zuri lisilokubalika hufikiria kulitoa sadaka, na wengi hufikiria kulituma nyumbani Afrika Mashariki. Moyo huo tunauheshimu. Vijana wa Lugazi, Uganda, walifika mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012 wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika, na Dar es Salaam ina uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Vifaa vinahitajika kweli. Lakini gongo linalokataliwa Ohio kwa sababu linapiga kwa nguvu kupita kiasi haliwi salama likivuka bahari, hasa likifika mahali ambapo mrushaji hana hata kinga ya mdomo na hospitali iko mbali.

Japani wenyewe wamebana kanuni za magongo zaidi. Kuanzia msimu wa 2024, gongo la chuma la sekondari limepunguzwa kipenyo kutoka milimita 67 hadi 64, na ukuta wake umeongezwa unene. Katika mashindano ya kiangazi ya sekondari ya Koshien, mipigo ya kutoka nje ya uwanja ilishuka kutoka 23 mwaka 2023 hadi 7. Waliolalamika kwamba mchezo umepoa wana haki ya kulalamika. Sisi tunaona ni bei ndogo.

Kwa hiyo tunatamka kwamba chama chetu hakitapokea wala kusafirisha gongo lolote la chuma au la kaboni lisilo na muhuri unaotambulika, lililofunguliwa, au lililoondolewa kwenye orodha. Badala yake tutapokea magongo ya mbao, kofia ngumu, na kinga za wadakaji. Tunaviomba vyama vya besiboli vya Kenya, Uganda na Tanzania vitangaze kanuni za magongo vinazozikubali ili wachangiaji wajue cha kutuma. Tunaziomba ligi za Marekani ziweke maelezo ya mihuri kwa lugha za wazazi wa wachezaji, Kiswahili kikiwamo.

Na mzazi ambaye hana hakika alilete gongo kwa kocha kabla ya siku ya mchezo, likiwa bado halijatumika na risiti ikiwa mfukoni.